Ndoo ya Maganda

Shangazi alipanda ngazi za jengo lile kwa mara ya pili, safari hii viatu vikiwa mkononi. Lilikuwa jengo lililoishia njiani: nguzo, sakafu, na nondo zilizochomoza juu zikisubiri ghorofa ambayo mwenyewe alishindwa kuijenga. Koplo alimfuata nyuma akihema. Alikuwa na mwili wa kushiba na hakuwahi kuficha kwamba yeye na ngazi hawapatani.

"Afande, hapa si tulishapaona?" alisema. "Watu wa picha walimaliza jana."

"Walipiga picha dirisha. Mimi nataka sakafu."

Kwenye karatasi za kazi aliitwa Inspekta. Kituo kizima, mpaka mahabusu, kilimwita Shangazi, na jina hilo alilipata kwa namna yake ya kuhoji. Alikaa, akauliza habari za nyumbani, akauliza nani kamuoa nani, na kabla hujajiweka sawa ukawa umeeleza hata ambayo hukuulizwa. Majambazi wawili watatu walishawahi kulalamika mahakamani kwamba hawakujua kama wanahojiwa.

Alipiga magoti pembeni ya uwazi uliokusudiwa kuwa dirisha. Chini kulipita barabara, na kwenye barabara kulikuwa na tuta. Hapo ndipo Jumanne alasiri gari la Mama Kusanya lilipopunguza mwendo, na mtu aliyekuwa amelala kwenye sakafu hii akapiga risasi mbili. Dereva alikufa. Mama mwenyewe alitoka na mkono uliochanwa na vioo.

Mama Kusanya lilikuwa jina la kampeni. Alikuwa muuguzi mstaafu aliyegombea ubunge, na katika ahadi zake zote watu waliikumbuka moja: akishinda, bunduki zote zilizo mikononi mwa raia zitakusanywa. Katika mji ule hilo halikuwa jambo dogo. Mwenye bastola alivaa koti fupi ili ionekane, na asiyekuwa nayo alitembea mkono ukiwa kiunoni ili idhaniwe. Wengine walimpenda Mama kwa ahadi ile na wengine walimchukia kwa ahadi hiyo hiyo, wala hakuna aliyeona haja ya kumuuliza habari za barabara na maji.

"Njoo uone," alisema Shangazi. "Kanyaga ninapokanyaga."

Vumbi la saruji lilikuwa limetunza kila kitu. Kulikuwa na alama za viwiko viwili, alama ya tumbo, hata kifungo cha shati kilichojichapa. Upande wa kulia kulikuwa na vijishimo viwili vyenye mikwaruzo midogo, na kuzunguka kila kimoja, alama za vidole.

"Maganda ya risasi yaliangukia hapo," Shangazi alisema. "Halafu akayaokota moja moja."

"Kaficha ushahidi. Huyo mtu wa kukodiwa, afande, anaijua kazi."

"Anayeficha ushahidi angefuta hata alama za viwiko. Huyu kaacha kiwiko, kaacha tumbo, kaacha mpaka kifungo, akaokota maganda tu akaondoka. Huyo haonyeshi kuficha kitu. Huyo anafanya usafi."

Koplo akacheka kidogo. "Basi atakuwa mwenzetu. Sisi tukienda mazoezini ukirudisha maganda pungufu, hulali." Akanyamaza ghafla, maana aliyasikia maneno yake mwenyewe.

"Nilikuwa nangoja uyaseme wewe," Shangazi alimwambia. "Nililala nayo jana. Lakini tazama hii." Alitoa picha kwenye mkoba. Ilitoka maabara, nayo ilionyesha kichwa cha risasi kilichotolewa kifuani kwa dereva. Wataalamu walisema kimetoka kwenye bunduki ya mtutu mrefu. Kilikuwa cha kijivu, kimebonyea, na hakikuvikwa shaba kama vinavyovikwa vya kiwandani. "Hiki kimemiminwa kwa mkono. Serikali hainunui vya namna hii. Sasa nani anayeokota maganda kama askari, na risasi anajitengenezea nyumbani?"

Koplo alijifuta uso kwa leso, kisha akaufuta tena ingawa ulikuwa mkavu.

"Klabu," alisema hatimaye. "Klabu ya Shabaha. Ganda likiwa zima wanalijaza upya, basi kila mtu anaokota yake anayatia ndooni. Ni amri."

"Wewe umeyajuaje?"

"Huwa naalikwa Jumamosi."

Shangazi akamtazama, akavaa viatu.

*

Mtu aliyekuwa selo kwa kesi hiyo aliitwa Kipaza. Alikuwa mtangazaji wa chama cha upande wa pili, mwembamba, mwenye sauti isiyolingana na kifua chake. Wiki moja kabla, akizunguka mitaani na gari la matangazo, alisema kwamba Mama Kusanya akija kukusanya, atapewa risasi kwanza, bunduki atazifuata baadaye. Watu walicheka. Jumanne risasi zilipolia, wale wale waliocheka ndio waliokimbilia kituoni kuyaeleza maneno hayo. Nyumba yao ilipopekuliwa, darini kulikutwa bastola. Mdomo uliponza kichwa.

"Mama yako hajambo?" Shangazi alimuuliza alipoletwa chumba cha mahojiano.

"Amehamia kwa dada yake. Wanarusha mawe juu ya bati, Shangazi. Wanasema wanangoja mnitaje mahakamani tu, ndiyo waanze kuchoma."

"Wachome wapi?"

"Kwetu. Halafu mtaa mzima. Wote si wa chama chetu?"

Shangazi aliiweka bastola mezani. Ilikuwa ya kuchonga, kazi ya fundi wa mtaani, mpini umefungwa utepe mweusi. Akahakikisha kuwa ni tupu, akaelekeza mtutu sakafuni, akavuta kifyatulio. Kilicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, lakini ndani hakuna kilichojibu.

"Uliinunua ikiwa hivi?"

"Niligundua siku ya pili."

"Hukurudisha?"

"Bastola hairudishwi. Utamlalamikia nani? Na mimi sikutaka kumpiga mtu. Nilitaka shati linyanyuke hapa ubavuni, basi. Kampeni za mwaka huu, asiyenyanyuka shati hapewi hata kiti."

"Na yale maneno? Nani alikupa?"

Kipaza aliinamisha kichwa. "Nilijitungia. Watu wakacheka, nikarudia."

Mlango ulifunguka bila kubishwa. Mkuu wa kituo alikuwa mtu nadhifu, na hofu yake aliipiga pasi kama alivyopiga pasi suruali. Alimwita Shangazi ukumbini.

"Kesho saa tatu asubuhi anasomewa shitaka la kuua," alisema. "Mazishi ya dereva ni saa saba. Watu wakisikia mwuaji tunaye, watazika kwa amani."

"Watazika, halafu wataenda kuchoma. Mkuu, yule ana bastola isiyopiga. Dereva alipigwa kwa bunduki ya mtutu mrefu."

"Mwenye moja hakosi ya pili. Na lisemwalo lipo."

"Alilisema yeye. Aliyelifanya ni mwingine."

"Basi niletee huyo mwingine kabla ya saa tatu," alisema Mkuu, "ama unisaidie kuandaa hati." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu aliyeona moshi kwa mbali na kushika ndoo iliyokuwa karibu, hata kama haina maji.

*

Hospitalini walimkuta Mama Kusanya akitandika kitanda chake mwenyewe kwa mkono mmoja, akikunja pembe za shuka kama wanavyofundishwa wauguzi. Wa zamu alikuwa amesimama pembeni, hajui ashike wapi.

"Shikamoo, Mama," alisema Shangazi.

"Marahaba. Kaa hapo, usikalie shuka."

Dereva alikuwa mtoto wa dada yake. Alikuwa ameacha kazi ya maana akaja kumwendesha wakati wa kampeni, kwa sababu, alisema, madereva wa kukodi hawamjui mama mdogo anavyoogopa mwendo wa kasi. Shangazi aliuliza habari zake taratibu: alipenda nini, alikuwa na mchumba, mchumba yuko kwa nani sasa. Mama alijibu yote. Kisha akaangalia dirisha.

"Redio inasema alipigwa, gari likapoteza mwelekeo, likagonga ukuta," alisema. "Nimeisikia tangu juzi. Si kweli."

"Niambie ilivyokuwa."

"Risasi ya kwanza ilipiga kwangu, kwenye nguzo ya mlango. Mimi nilikuwa nyuma, upande wa lile jengo. Nilidhani tairi limepasuka. Yeye alijua. Akaniambia, 'Lala chini, mama mdogo.' Akakata usukani kulifuata jengo. Sikuelewa. Nikasema huyu mtoto kachanganyikiwa, anakwenda kule kule. Nilipokuwa chini ndipo ikalia ya pili."

Koplo alivua kofia. Shangazi aliiona picha yote. Gari likipita ubavu, abiria wa nyuma alikuwa wazi dirishani. Gari likielekeza pua kwenye jengo, mbele ya abiria kulikuwa na kiti, na kwenye kiti kulikuwa na dereva.

"Haya umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Dada yangu alikuja jana, sikumwambia. Nitamwambiaje kwamba mwanawe hakukutwa na risasi, alikwenda kuipokea?" Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ile bendeji kana kwamba ni kitambaa cha kazi. "Na alinipokelea mimi."

 Shangazi alimshika yule mama ule mkono mzima.

"Usimwambie mtu mpaka kesho," alisema alipoinuka. "Dada yako atakuwa wa kwanza. Lakini kesho."

*

Klabu ya Shabaha ilikuwa nje kidogo ya mji, ndani ya machimbo ya kokoto yaliyoachwa. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Kulikuwa na baraza yenye viti, ghala dogo la matofali lenye mlango wa chuma, na mwisho wa uwanja, kwenye ukuta wa mwamba, mbao za kulengea. Juu ya baraza kulitundikwa ubao wa kanuni. Ya kwanza ilisema bunduki zote hulala ghalani. Ya mwisho ilisema: OKOTA GANDA LAKO.

Mwenyekiti aliwapokea getini. Aliitwa Kanali, ingawa maisha yake yote aliuza majokofu na hakuwahi kulala kambini. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko wa makanali wengi.

"Shangazi mwenyewe," alisema. "Na Koplo. Karibuni. Leo hatufungui, lakini kwa askari mlango upo."

"Mnafungua lini?"

"Jumamosi tu. Na tangu Jumamosi hakuna aliyeingia humu. Najua kilichokuleta. Wewe angalia." Alivuta mkufu shingoni, mwishoni mwake kukaning'inia ufunguo. "Wa geti na wa ghala, huu huu. Ninao mimi, hata fundi wetu hana. Bunduki za klabu hii zimelala tangu Jumamosi. Mkitafuta mwuaji, nendeni kwa hao wenye za darini."

"Hilo ndilo nililotaka kusikia," alisema Shangazi, na kwa kweli lilikuwa hilo. "Na usafi wenu nimeupenda. Hata ganda moja silioni chini."

Kanali alifurahi. Aliwatembeza. Aliwaonyesha kila mpigaji anapolala, anavyosimama, anavyopita na maganda yake barazani na kuyatumbukiza kwenye ndoo nyekundu yenye mfuniko. Jumamosi jioni fundi huyabeba yote kwenda kuyaosha, ndoo ikabaki tupu. Miaka yote, alisema, hajawahi kumsamehe mtu kwa ganda moja. Alishawahi kumrudisha daktari mzima na mvua ikinyesha.

Walifika kwenye mbao. Juu ya mbili kati yake kulibandikwa mabango ya kampeni. Moja lilikuwa la Mama Kusanya, jingine la mpinzani wake.

"Utani wa vijana," Kanali alisema. "Sisi hatubagui. Wote wawili tunawapiga."

Shangazi alitazama. Sura ya Mama ilikuwa imekwisha, pamebaki kilemba na sikio moja lenye tundu. Ya mpinzani ilikuwa na matundu ya kuhesabika.

"Huyu mmemhurumia."

"Ana uso mdogo," alisema Kanali, akacheka peke yake.

Walirudi barazani, wakakaa. Shangazi alivua kiatu kimoja akakisugua kisigino, kama mtu aliyemaliza kazi na sasa anapumzika.

"Kanali, mimi nimekuja kuomba ushauri kwa mwenye ujuzi wake. Kesho tunamsomea Kipaza shitaka. Mkuu hana wasiwasi, ila mimi nataka kuelewa tu. Maana yule mpigaji, kusema kweli, hajui kulenga."

Kanali aliinua kidevu.

"Wewe fikiria. Gari limepunguza mwendo kwenye tuta. Mama yule si mwembamba, amejaa dirishani. Mtu amelala chini kwa raha zake, hakuna upepo. Risasi mbili, zote kakosa. Moja imegota kwenye nguzo ya mlango. Nyingine imempata dereva, mtu ambaye hakuwa na habari naye. Hata Koplo wangu angepata."

Koplo alikohoa.

"Si rahisi hivyo," alisema Kanali.

"Rahisi. Mjini wanacheka. Wanasema huyo alijifunzia manati. Ndiyo maana hata mimi nimeanza kukubali kwamba ni Kipaza."

"Kipaza?" Shingo ya Kanali ilivimba. "Kipaza hapigi ukuta hata akiwa ndani ya nyumba. Shangazi, usizungumze usiyoyajua. Nguzo ya mlango inamkuta yeyote, gari likiruka tuta kidole kimoja tu, imekwisha. Na hiyo ya pili usimcheke mtu. Gari limekugeukia uso kwa uso, dereva amejaa kwenye kioo kizima, mama kalala chini. Hapo wewe ungepiga nini?"

Kanali aliangalia mikono yake. Shangazi alivaa kiatu chake, akakifunga kamba.

"Gari liligeuka lini, Kanali?"

"Si redio imesema?"

"Redio imesema dereva alipigwa, ndipo gari likayumba. Wewe umesema gari liligeuka, mama akalala chini, ndipo ikapigwa ya pili. Na ndivyo ilivyokuwa. Mimi nimeambiwa leo na aliyekuwa ndani ya gari, na hajamwambia mtu mwingine. Wewe nani amekuambia?"

"Nimekisia. Mtu mwenye ujuzi anakisia."

"Labda," alikubali Shangazi. "Koplo, hebu nifunulie ile ndoo."

Koplo alivaa glavu, akaondoa mfuniko, akaiinua ndoo kidogo. Ndani yake vitu viwili vilibingirika na kugongana. Aliinamisha ndoo ili Shangazi aone. Yalikuwa maganda mawili ya shaba, na kwenye midomo yake kulikuwa na vumbi la kijivu lililoganda, vumbi la saruji. Machimboni pale vumbi lilikuwa jekundu.

"Fundi alibeba yote Jumamosi," Shangazi alisema. "Tangu hapo hakuna aliyeingia, na ufunguo uko shingoni kwako. Umeniambia mwenyewe, sikukuuliza."

Kanali aliitazama ndoo kama mtu anayemtazama mbwa wake aliyemng'ata. Mdomo ulifunguka, ukafunga. Alipozungumza sauti ilikuwa ya chini, na hakuwa anajitetea. Alikuwa anashangaa.

"Nilirudisha bunduki mahali pake. Nikaifuta. Nikapita hapa nikifunga..." Mkono wake wa kulia uliingia mfukoni, ukatoka, ukafunguka hewani juu ya baraza. "Sikufikiri. Ganda halitupwi."

Mazoea yana taabu.

"Ningeyatupa mle machimboni," aliuliza, kana kwamba anaomba ushauri, "nani angeyaona?"

"Hakuna," alisema Shangazi. Hakuona sababu ya kumdanganya.

Alitaka kujua kwa nini, ingawa mbao zilikwishamwambia nusu yake. Kanali alisema yule mama alitaka kuwanyang'anya bunduki. Mtu anakuja kukunyang'anya kitu chako, utafanyaje? Shangazi alimwambia kwamba yule mama alikuja na kipaza sauti na ombi la kura, na kwamba kura zenyewe zilikuwa bado. Kanali akasema wiki baada ya wiki wanaume hapa walimpiga usoni kwenye bango na kupongezana, daktari, mfanyabiashara, mpaka askari, na hakuna aliyesema hapana. Yeye alidhani wote wanasema kitu kimoja.

"Wao walikuwa wanatania," alisema Shangazi.

"Mimi nitajuaje?"

Alifungua ghala mwenyewe. Alichukua bunduki kwenye nafasi yake, mtutu ukiangalia ardhini, kidole mbali na kifyatulio. Alifungua chemba ya risasi, akachungulia, akamgeuzia Shangazi naye achungulie. Alifuata kanuni zote za ubaoni, hakuruka hata moja.

"Haina kitu," alisema.

"Nimeona." Shangazi aliipokea.

Yule dereva, Kanali alisema akifungwa pingu, hakuwa na ugomvi naye. 

Koplo alikwenda kwenye mbao kubandua bango la Mama Kusanya liwe kielelezo. Lilimchukua muda mrefu kuliko lilivyohitaji. Alipolileta, Shangazi alilikunjua, akalitazama, halafu akamtazama yeye.

"Tundu lako lipi?"

Koplo alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. "La sikio."

"Ulilenga sikio?"

"Nililenga pua, afande."

Siku nyingine wangecheka wote wawili. Shangazi alilikunja bango, akalitia kwenye mkoba, wakarudi mjini.

*

Redio ilitangaza usiku, na asubuhi ikarudia. Mkuu wa kituo alizungumza vizuri, akaipongeza ofisi yake. Kabla ya saa tatu Kipaza alikuwa mbele ya kaunta akirudishiwa mkanda, viatu na simu. Alivaa, akajipapasa, akabaki amesimama.

"Na ile, Shangazi?"

"Ile haitoki. Una kesi yake ndogo, utaitwa."

"Nitaijibu. Lakini leo tu. Nipite nayo mpaka kwa mama."

"Haipigi. Niliijaribu mbele yako."

"Najua haipigi." Alielekeza kidevu nje. "Lakini wao hawajui."

Ng'ambo ya barabara, vijana wa Mama Kusanya walikuwa wameketi kwenye ukuta mfupi, fulana za kampeni mwilini na vitambaa vyeusi mikononi. Redio walikuwa wameisikia. Lakini walikuwa wamekaa na hasira zao tangu Jumanne, na hasira haizimwi kwa tangazo. Aliyekuwa mwisho aliweka mkono wa kulia chini ya fulana, ubavuni.

"Na wao," Shangazi aliuliza, "zao unadhani zinapiga?"

Kipaza alitazama kwa muda. "Sijui."

"Nao yako hawajui."

Shangazi alifungua mkanda wake, akaivua bastola ya kazi pamoja na ala yake, akaisukuma juu ya kaunta. Koplo aliitazama, akamtazama yeye.

"Afande, unatoka hivyo?"

"Ifungie. Nikirudi nitaisaini."

Alimshika Kipaza mkono juu kidogo ya kiwiko, wakatoka mlango wa mbele.  Walivuka barabara wakielekea kule kule kwenye ukuta, maana njia ya kwao Kipaza ilipita hapo. Vijana waliinuka mmoja mmoja. Shangazi alisimama mbele yao. Alingoja tu, kama anavyongoja mtu mzima anayejua kwamba wadogo ndio wa kuanza.

Walitazamana. Aliyekuwa mwisho alimeza mate.

"Shikamoo, Shangazi," alisema, na kwa sababu alilelewa asimwamkie mkubwa huku mkono umefichwa, mkono ule ulitoka chini ya fulana wenyewe, mtupu.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Shangazi. "Mazishi ni saa saba." Wakapita.